Sura ya 7: Mlima Usio na Lifti, Saa Mbili kutoka Mlangoni

Swali hili huja kila Novemba, theluji ya kwanza ikishaanguka: “Mimi nakaa Portland, Maine. Nimeshateleza kituoni misimu miwili, na bei ya tiketi za lifti imenishinda. Kuna mlima gani wa karibu ninaoweza kupanda mwenyewe, nikashuka, nikarudi nyumbani jioni hiyo hiyo nikiwa mzima?” Wa Lewiston huuliza hivyo hivyo. Wa Manchester na Concord, kule New Hampshire, nao huuliza, na siku hizi hata vijana wa Worcester na Boston waliokulia Bukavu, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu, ambao sasa wanaijua barafu kuliko wanavyokumbuka vumbi.

Anayeuliza hutaka jina la mlima. Majina yapo, nami nitayataja. Ila jina peke yake halitoshi, maana mteremko uliokuwa laini Jumamosi unaweza kuwa barafu tupu Jumatano, na kilima kinachosifiwa na mwenzako mwenye misimu kumi si lazima kiwe chako. Kwa hiyo majina yatasubiri kidogo. Kwanza tujue namna ya kuchagua.

Bila lifti maana yake nini

Kwenye kituo cha skii kuna lifti ya kukupandisha, mashine za kusawazisha theluji usiku, walinzi wa kuzungushia kamba mahali pa hatari, na watu wa kukubeba ukivunjika mguu. Skii ya porini haina hata kimoja kati ya hivyo. Unapanda kwa nguvu zako, unashuka kwenye theluji jinsi ilivyoanguka, na ukiumia msaidizi wako wa kwanza ni yule uliyekuja naye.

Wengi hushangaa: mtu anapandaje mlima akiwa amevaa vitu vya kuteleza? Siri iko kwenye ngozi. Hizi ni tepe ndefu zenye gundi upande mmoja na manyoya upande wa pili, zinazobandikwa chini ya skii. Ukipapasa mgongo wa paka kuelekea mkiani mkono hupita, ukirudisha kuelekea kichwani hukwama. Ndivyo manyoya ya ngozi yanavyoruhusu skii kusonga mbele na kuizuia isirudi nyuma. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kweli. Leo ni nailoni au singa za mbuzi wa Angora. Kishikizo cha buti nacho ni cha aina yake: ukipanda, kisigino huinuka huru, ukishuka, hufungwa. Juu ya kilima unabandua ngozi, unazikunja, unafunga kisigino, unashuka.

Vituo vya Amerika Kaskazini hupanga njia zao kwa alama: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wastani, almasi nyeusi ni ngumu. Kabla ya kufikiria pori, uwe unashuka bluu bila kuanguka, na uwe umeshajaribu siku ambayo theluji haijasawazishwa. Kama bado kijani kinakutupa, rudi kituoni mwezi mmoja zaidi. Theluji ya msituni ni laini hapa, ngumu hatua tatu mbele, na ina visiki. Hata fundi huonekana mwanafunzi.

Umri usikutishe. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alivaa skii mara ya kwanza akiwa mtu mzima, huko Finland mwaka 1996, na mwaka 1998 alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano. Yake ilikuwa skii ya mbio za masafa, si ya kuteremka milima, lakini miguu ya mtu mzima ilijifunza.

Umbali si suala la mafuta

Watu hudhani kuuliza mlima wa karibu ni kubana matumizi. Mimi naona ni suala la usalama, tena la kwanza kabisa. Aliyeendesha gari saa moja na nusu hukubali upesi kurudi. Upepo umeanza, mvua inanyesha badala ya theluji, mwenzake hajisikii vizuri: basi, wanakunywa kahawa North Conway na kugeuza. Aliyeamka saa saba usiku, akaendesha saa sita, akalipia hoteli na kuomba ruhusa kazini, huyo atapanda tu. Ataona dalili mbaya na kuitafutia maelezo mazuri.

Kuna faida nyingine ya ukaribu ambayo haisemwi sana. Kilima kilicho karibu utakirudia. Utakiona kikiwa na theluji mpya, utakiona baada ya mvua, utakijua mawe yake na mahali upepo unapolundika theluji. Anayerudia kilima kimoja msimu mzima huelewa theluji kuliko anayekusanya majina ya milima, na sioni sababu ya anayeanza kuona haya kwa kwenda pale pale kila wiki.

Kutoka Portland hadi North Conway ni kama kilomita 100, takriban saa moja na nusu. Kufika Pinkham Notch, chini ya Mlima Washington, ongeza nusu saa. Kutoka Manchester hadi North Conway ni karibu saa mbili, kutoka Boston saa mbili na nusu hivi. Hizo ni saa za barabara kavu.

Usiiamini ramani ya simu kwa upofu. Inaweza kukuelekeza barabara 113 kupitia Evans Notch. Kipande chake cha katikati hakizolewi theluji na hufungwa majira yote ya baridi. Bear Notch Road nayo hufungwa. Barabara ya Kancamagus hubaki wazi, ila jaza mafuta kabla, kwa kuwa hakuna kituo njiani na mtandao wa simu hukatika. Alfajiri na jioni tazama pembeni mwa barabara 16: musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ana miguu mirefu kiasi kwamba gari dogo likimgonga mwili wake huangukia kwenye kioo cha mbele.

Halafu kuna jua. Desemba huku jua huzama saa kumi na dakika chache alasiri. Mtu aliyelelewa kwenye magharibi ya saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi, hushikwa na giza akidhani bado mchana. Fanya hesabu ukiwa nyumbani. Tuseme kilima chako kina mita 400 za kupanda. Anayeanza hupanda kama mita 200 kwa saa, kwa hiyo ni saa mbili. Kubandua ngozi, kula na kubana buti kwa vidole vyenye baridi ni nusu saa. Kushuka, kwa kuwa utaanguka, tenga saa nzima. Jumla ni saa tatu na nusu endapo hakuna lililoharibika, na siku ya kwanza lazima kitu kiharibike. Anza kupanda saa tatu asubuhi. Mkiwa bado garini mkubaliane saa ya kugeuka, mathalani saa saba mchana, na ikifika mnageuka hata kama kilele mnakiona.

Nyuzi 30

Hii ndiyo namba ya kuikariri. Maporomoko ya theluji yanayoua watu wa skii mara nyingi huwa hivi: tabaka la juu lililoshikamana hukaa juu ya tabaka dhaifu, uzito wa mtu unalivunja lile dhaifu, na eneo zima la juu hukatika na kuteremka kwa mpigo mmoja. Katika ajali nyingi zenye vifo, aliyelikata tabaka ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Akifukuliwa ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano, uwezekano wa kupona ni mkubwa. Baada ya nusu saa umeshuka vibaya. Helikopta haifiki kwa dakika kumi.

Habari njema ni kwamba maporomoko hayo yana masharti. Mengi huanza kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya nyuzi 30 ni nadra. Na wewe huhitaji nyuzi 30: njia ya bluu kituoni kwa kawaida haizidi nyuzi 22 hivi. Mteremko wa nyuzi 15 hadi 22 utakupa raha yote unayoweza kuibeba katika msimu wa kwanza.

Utajuaje? Njia ya kwanza ni ramani. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:24,000 yenye futi 40 kati ya mstari na mstari wa mwinuko, mistari ikiachana chini ya milimita moja, mteremko umekaribia nyuzi 30 au umezipita. Hapo si pako. Njia ya pili ni programu za ramani za simu zinazopaka rangi miteremko kuanzia nyuzi 27 hivi. Penye rangi usiende. Ya tatu ni kulaza fimbo juu ya theluji, ukaweka simu juu yake na kusoma kipimo. Ramani na rangi haziwezi kuonyesha kila jabali dogo na kila kingo ya kijito, kwa hiyo macho bado yana kazi.

Kosa ambalo anayeanza hulifanya si kukanyaga mteremko mkali. Ni kusahau kutazama juu. Kilima cha nyuzi 18 kilicho chini ya ukuta wa nyuzi 38 kimo ndani ya hatari ya ule ukuta, kwa sababu theluji ikikatika kule juu haitasimama kwa kuwa wewe uko mahali pa upole. Msitu mnene husaidia kuishikilia theluji. Miti iliyoachana kiasi cha mtu kuteleza kwa raha husaidia kidogo sana.

Safu ya Presidential, ambako Mlima Washington una mita 1,917, ina kituo chake cha utabiri: Mount Washington Avalanche Center. Majira ya baridi hutoa daraja la hatari, moja hadi tano. Soma kila asubuhi kabla ya kuwasha gari. Daraja la tatu huhadaa wengi. Liko katikati, basi mtu hulichukulia kuwa ni la wastani, ilhali ndilo lenye vifo vingi. Huku New England, nje ya safu hiyo hakuna utabiri wa kila siku, na ukimya huo usiusome kama ruhusa.

*Kwa ufupi, mpaka hapa:*

- Chagua mahali ambapo kurudi nyumbani bila kupanda hakutakuuma.
- Mteremko usizidi nyuzi 22 hivi, na usiwe na mkali juu yake.
- Saa ya kugeuka hupangwa garini.

Kwa nini njia ziko pale zilipo

Milima ya New England imejaa misitu iliyosongamana. Huwezi kushuka popote upendapo kama kwenye picha za Milima ya Alps; unahitaji njia iliyokatwa. Ndiyo maana historia ya njia hizo ina faida kwa anayeanza leo.

Mwaka 1931 reli ya Boston and Maine ilianza kuendesha treni za theluji: zinatoka Boston asubuhi zimejaa watu na skii zao, zinarudi jioni. Hapakuwa na lifti za kutegemea. Watu walitafuta kilima kilicho karibu na stesheni, kinachopandika na kushukika kabla treni haijaondoka. Kisha, mwaka 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Roosevelt ilianzisha Civilian Conservation Corps, jeshi la kazi la vijana wasio na ajira. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa familia yake. (Msomaji anayepanga foleni ya kutuma pesa Uvira kila mwisho wa mwezi ataielewa hesabu hiyo bila mwalimu.) Vijana hao walikata njia za skii kwa shoka na msumeno katika milima mingi ya New Hampshire, Vermont, Maine na Massachusetts. Njia ya John Sherburne, inayoshuka kutoka Hermit Lake hadi Pinkham Notch, ni kazi yao ya mwaka 1934. Ya Doublehead, mjini Jackson, pia ni yao.

Halafu lifti zikaja. Cranmore, pale North Conway, ilifungua Skimobile yake mwaka 1938, vigari vidogo vya rangi rangi vilivyopandisha watu mlimani, na nani tena angetaka kupanda kwa miguu? Njia nyingi ziliachwa zikamezwa na vichaka. Zimefufuka karibuni tu. Shirika la kujitolea la Granite Backcountry Alliance, lililoanza mwaka 2016, limefungua upya baadhi yake na kutengeneza misitu iliyopunguzwa miti midogo na matawi ya chini ili mtu apite, kwa idhini ya wenye ardhi na ya idara ya misitu. Ukienda leo Maple Villa, huko Intervale, unapanda njia ya enzi za treni za theluji, iliyopewa jina la hoteli iliyokuwa karibu na stesheni. Njia hizi zilichaguliwa kwa kigezo kile kile unachokitafuta: kwenda na kurudi siku moja.

Sasa majina

Ningeshauri zifuatwe kwa mpangilio huu, na kila ngazi usiiache mpaka ikuchoshe.

*Kituo kinachoruhusu kupanda.* Vituo vingi huruhusu watu kupanda kwa ngozi pembeni mwa njia, kwa tiketi nafuu au kwa saa maalumu. Black Mountain ya Rumford, Maine, saa moja na kidogo kutoka Lewiston, inajulikana kwa hilo. Theluji imesawazishwa, walinzi wapo, gari liko pale. Hapa ndipo pa kujifunza kubandua ngozi penye upepo na kugundua kwamba buti zinakuchubua. Kanuni za kupanda hubadilika kila msimu, kwa hiyo piga simu kwanza, na usipande wakati mashine za kusawazisha zinafanya kazi; nyingine huvutwa kwa waya wa chuma usioonekana usiku.

*Barabara zilizofungwa na barabara za kale.* Bear Notch Road, kati ya Bartlett na Kancamagus, ikifungwa huwa mteremko mpana na wa taratibu. Huenda ukakutana na pikipiki za theluji, kaa kando. Kwa wakazi wa Manchester na Concord, bora zaidi ni Carriage Road ya Mlima Moosilauke, inayoanzia Warren. Ilijengwa kwa ajili ya magari ya farasi, kwa hiyo haina mahali pa kukutisha, na mwaka 1927 palifanyika hapo mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kuteremka kwa skii Marekani. Ni ndefu, kama kilomita nane kwenda juu. Usiifuate yote. Panda saa mbili, geuka. Kule juu, miti ikishaisha, ni upepo na ukungu tu, na anayeanza hana shughuli huko.

*Sherburne, kwa vipande.* Njia nzima ina kama kilomita nne na mita 600 za kushuka, yote ndani ya msitu. Unapanda kwa njia ya wapita miguu ya Tuckerman Ravine, kisha unashuka Sherburne. Siku ya kwanza panda theluthi moja tu. Ni njia yenye watu wengi wikendi, na sihesabu hilo kuwa kasoro: ukianguka vibaya, kuna atakayepita.

*Maple Villa, na baadaye Doublehead.* Hizi ziwe za mwisho wa msimu wa kwanza au za msimu wa pili. Doublehead ni nyembamba na haina mahali pengi pa kupumzikia ukishaanza kushuka.

Na kuna majina ya kuyaacha. Korongo lenyewe la Tuckerman Ravine ndilo la kwanza, ingawa ndilo kila mtu atakalokutajia. Kuta zake zina mteremko mkali kuliko almasi nyeusi nyingi, zina maporomoko, na ukianguka huenda usisimame mpaka chini. Mwaka 1939 Toni Matt, kijana wa Austria, alishuka ukuta wake moja kwa moja bila kukata kona, akamaliza mashindano kutoka kileleni hadi Pinkham kwa dakika sita na nusu hivi; watu bado wanalisimulia kwa kuwa si jambo la kawaida. Juu yake kuna kilele ambako tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa. Gulf of Slides, jirani yake, jina linajieleza. Thunderbolt ya Mlima Greylock, Massachusetts, iko karibu na wakazi wa Pittsfield, lakini ilikatwa kwa ajili ya mashindano. Na misitu ya Baldface, huko Chatham, ni ya waliokwisha kuzoea.

Theluji ya huku

Magharibi ya Marekani tatizo ni theluji nyingi. Huku tatizo ni mvua. Katikati ya Januari joto hupanda, mvua hunyesha siku nzima, usiku baridi hurudi, na kesho yake mlima wote ni kioo. Siku mbili tatu baada ya mvua, baki nyumbani au nenda kituoni. Barabara ya lami au changarawe huteremkika ikiwa na sentimita 20. Njia ya msituni inahitaji nusu mita hadi mita nzima ya theluji iliyotulia ili kufunika mawe na visiki, na hiyo kwa kawaida haipatikani kabla ya mwisho wa Januari. Tangu hapo mpaka katikati ya Machi ndio wakati wa anayeanza.

Vifaa na pesa

Seti mpya ya skii, vishikizo, buti na ngozi inaweza kupita dola 2,000. Usinunue. Kodi mara chache za mwanzo, kisha subiri masoko ya vifaa vilivyotumika yanayofanyika vuli, Oktoba na Novemba. Sisi wa mitumba hatuhitaji kufundishwa kuchagua, ila buti usinunue kwa bei. Nunua kwa mguu. Nguo za pamba zibaki nyumbani hata kama ni nzito, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukuibia joto. Vaa sufi au polyesta mwilini, na ukianza kupanda uwe unahisi baridi kidogo. Dakika kumi tu utashukuru.

Begini: maji, chakula, koti nene la kuvaa ukisimama, glovu za pili, ramani ya karatasi, tochi ya kichwani, kasha la huduma ya kwanza, na simu iliyowekwa karibu na mwili maana baridi humaliza betri. Ukishaanza kwenda penye hatari ya maporomoko, ndipo vinaongezeka vitu vitatu: kifaa cha redio cha kutafutana, kinachotuma mawimbi ili wenzako wajue ulipofukiwa, fito ya kukunja ya kuchomea theluji, na beleshi. Havina faida mfukoni mwa asiyefundishwa, na havina faida kwa aliye peke yake. Kozi za siku tatu za usalama wa maporomoko hufanyika North Conway kila msimu.

Wenzio, adabu, na bili

Usiende peke yako. Watu watatu ni idadi nzuri: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anafuata msaada. Mwambie mtu nyumbani mnakwenda njia gani na apige simu saa ngapi kama hamjarudi, na umpe jina la maegesho, si la mlima tu. Anayepanda humpisha anayeshuka. Ukitembea kwa buti bila skii, usikanyage mkondo wa ngozi ambao wengine wamekwisha kuutengeneza; mashimo yako yataganda na kuwa mitego. Vituo vya zamani vilivyofungwa vinavutia, na New England ina vingi, lakini vingi viko kwenye ardhi ya mtu binafsi. Bisha hodi, uombe. Baadhi ya maegesho ya msitu wa taifa wa White Mountain hutozwa dola 5 kwa siku.

Kuna hofu nyingine ambayo wasomaji huisema kwa sauti ya chini: nikiokolewa, nitaletewa bili? New Hampshire inaweza kumdai aliyejiingiza hatarini kwa uzembe. Ina pia kadi iitwayo Hike Safe, dola 25 kwa mtu au 35 kwa familia kwa mwaka, inayokuondolea deni hilo hata ukiwa umezembea, isipokuwa kama ulifanya kwa makusudi au bila kujali kabisa. Pesa zake huenda kwenye uokoaji. Inunue kabla ya glovu za kupendeza.

Kama huishi huku

Walioko Denver, Salt Lake City au Seattle watumie njia hiyo hiyo ya kuchagua, wakiongeza hofu. Colorado ina tabaka dhaifu zinazoweza kudumu msimu mzima, na mtu hawezi kuziona kwa juu. Kati ya 2020 na 2023 jimbo hilo lilikuwa na Bluebird Backcountry, kituo cha skii kisicho na lifti, chenye walinzi na walimu, mahali ambapo anayeanza angeweza kupanda bila kubahatisha. Kilifungwa kwa sababu za kifedha, na mpaka leo naona ni pengo. Tovuti ya avalanche.org ina ramani ya vituo vya utabiri vya Marekani, na Kanada inavyo vyake, kikiwemo Avalanche Québec kwa walio Montréal.

Machi ikifika

Siku hurefuka, saa huongezwa moja, na theluji hubadilika. Usiku inaganda, mchana jua linailainisha juu kwa sentimita chache, na kuteleza juu yake ni rahisi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Hapo mpango wa asubuhi na mapema haukufai tena: ukianza kushuka saa tatu asubuhi utakuta barafu. Panda polepole, ufike juu saa tano au sita, ngoja ilainike. Ukisubiri mno, kufikia saa tisa imekuwa uji na skii zinazama.

Wakati huo Pinkham hujaa magari ya watu wanaokwenda Tuckerman. Wewe shika Sherburne. Kadiri Aprili inavyosogea, theluji yake huyeyuka kuanzia chini, na kamba huvutwa kukatisha njia pale inapoishia. Ukiikuta, vua skii, zifunge kwenye begi, vuka upande wa njia ya wapita miguu, umalizie kwa buti mpaka kwenye gari. Usiipite kamba kwa kufuata kipande cheupe unachokiona mbele: kati yako na hicho kipande ni mawe na maji, na njia ya kurudi juu ni matope.